Ripoti yako ya saratani ya figo ina CAIX, BAP1, Ki-67: anza kusomea wapi

Usianzie kwenye protini hizo. Tafuta kwanza steji (saratani imefika wapi) na gredi (seli zinaonekana mbaya kiasi gani, 1 mpaka 4), angalia na kama wameandika nekrosisi, yaani sehemu ya uvimbe iliyokufa, maana hivi ndo vinavyobeba ubashiri, yaani ugonjwa unatarajiwa kwendaje, mpaka leo, protini ni nyongeza tu. Cheki pia aina, kama asilimia 75 hivi ni ya seli angavu (clear cell) na ninayoandika hapa yanahusu hiyo.

Sasa CAIX. Kwenye seli angavu jeni ya VHL mara nyingi imeharibika, seli inajiona haina oksijeni hata kama inayo, basi inatengeneza CAIX kwa fujo, kwenye darubini unaona rangi ya kahawia ya kipimo imezunguka ukingo wa kila seli kama fremu. Hapa ndo wengi wanateleza, wanasoma "chanya sana" presha inapanda, kumbe hii iko kinyume: tafiti nyingi zimekuta ikiwa kidogo ndo hali huwa mbaya zaidi.

BAP1 yenyewe inakaa ndani ya kiini, na ikipotea uvimbe huwa mkali. Ila kabla hujakubali kwamba imepotea uliza hivi: seli za kawaida za pembeni, zile za mishipa ya damu, zimeshika rangi? Kama nazo ziko tupu basi kipimo ndo kimegoma, kirudiwe. Ki-67 ni rahisi, ni asilimia ya seli zilizo kwenye mbio za kugawanyika, ikipanda sio habari nzuri.

Za kwenye damu: KIM-1, protini inayotoka kwenye figo, inaleta matumaini kuonyesha nani saratani itamrudia baada ya upasuaji, lakini bado ni ya watafiti, usihangaike kuitafuta. CRP ni alama ya uvimbe-joto mwilini (inflammation), hata maambukizi ya kawaida yanaipandisha so isome kwa tahadhari.

Kama imeshasambaa madaktari wanatumia IMDC, mfumo wa kuhesabu hatari, vitu 6: hali ya mgonjwa iliyodhoofika, kuanza dawa kabla ya mwaka kuisha tangu ugundulike, hemoglobini iliyoshuka, na kalsiamu, nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) au chembe sahani zilizopanda. Hesabu unavyo vingapi: sifuri ni afadhali, 1 au 2 katikati, 3 kwenda juu ni mbaya. Vinne kati yake ni vipimo vya damu vya kawaida kabisa!

Na PD-L1, protini inayopimwa kwa ajili ya dawa za kuamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani (immunotherapy), ikisoma hasi usikate tamaa na dawa hizo, kwenye figo hata wenye hasi wapo wanaonufaika nazo.