Kutundika maonyesho ya wasanii wa mtaa katika nyumba ya mawe, Lamu

Anzeni na ukuta, na muanze wiki 8 kabla ya siku ya ufunguzi. Nyumba kongwe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mkoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia lipu, na yakitoka huja na chumvi. Picha ya karatasi iliyoshikana na ukuta huo mwezi mzima huota ukungu mgongoni, na hasara humwangukia msanii aliyewaamini.

Kuujua unyevu si kazi. Futeni vumbi la chokaa kwa brashi kavu, bandikeni kipande cha plastiki angavu cha sentimita 30 kwa 30, zibeni pande zote nne kwa selotepu, kisha mkiache siku 2. Matone yakikusanyika upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani, na hapo panafaa mbao na vyungu tu. Yakiwa upande wa nje, unyevu ni wa hewa, na dawa yake ni kufungua milango inayotazamana ili upepo upite. Msibandike chochote juu ya nakshi za lipu. Vidaka, yaani vishimo vya rafu vilivyomo ukutani, vinapendeza sana kwa kazi ndogo za kuchonga na za fedha, lakini kidaka cha ukuta wa nje msikiwekee karatasi.

Misumari msipige. Lipu ya chokaa ya zamani haipasuki kwa tundu dogo, hubanduka bamba zima, na hewa yetu ya chumvi huushika msumari kwa kutu ukaacha mchirizi wa kahawia kwenye weupe. Zaidi ya hayo, Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kutoboa kunahitaji idhini ya wahusika wa uhifadhi hata kama nyumba ni ya mwanachama wenu.

Badala yake tengenezeni magoli ya miti, kama ya mpira, ya kutundikia picha. Ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote, kwa sababu haigusi ukuta na huacha hewa ipite nyuma ya picha. Goli moja lina nguzo 2 za mkoko za sentimita 210, mti mmoja wa juu wa sentimita 240, na nyayo 2 za sentimita 80, kila moja ikikatiza chini ya nguzo yake kama herufi T iliyopinduliwa. Chagueni miti iliyonyooka, iliyokauka, iliyomenywa ganda. Mti mbichi hupinda ukiwa tayari una picha juu yake. Kila kona wekeni mti wa mshazari wa sentimita 40, la sivyo goli litayumba mtu akiligusa kwa bega. Kazeni kwa boliti zisizoshika kutu, au mfunge kwa kamba kama mafundi wa kijiji cha Matondoni wanavyojua kufunga. Juu ya kila wayo lazeni kiroba cha mchanga cha kilo 10, maana upepo wa kusi ukiingia ukumbini husukuma turubai kama tanga. Mchanga msiuchote kwenye vilima vya Shela, kwani ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa ya mji. Goli lisimame sentimita 15 kutoka ukutani, na lisibebe zaidi ya kilo 20.

Sasa hesabu ya kutundika. Katikati ya kila picha pawe sentimita 150 kutoka sakafuni, ndogo kwa kubwa, ndipo jicho linapotulia. Chukueni nusu ya kimo cha picha, toeni umbali kutoka ukingo wa juu hadi pale waya wa mgongoni unapofika ukivutwa kwa kidole, halafu ongezeni 150. Mfano, picha ya kimo cha sentimita 80 ambayo waya wake unafika sentimita 10 chini ya ukingo: 40 kutoa 10 ni 30, na 150 ni 180. Mti wa juu ukiwa kwenye 210, uzi wenu ni wa sentimita 30. Sakafu za nyumba hizi haziko sawa, kwa hivyo pimeni kutoka sakafu iliyo chini ya kila picha, na mwisho mtumie pimamaji.

Uzi uwe mshipi wa nailoni wa kuvulia, mistari 2 kwa kila picha, kila mstari uwezao kubeba mara 4 ya uzito wa picha yenyewe. Watu wengi hukosea fundo. Nailoni huteleza, na fundo la kawaida hufunguka lenyewe usiku. Mwombeni mvuvi awafungie fundo la ndoana, na muache ncha ya sentimita 2 bila kuikata. Nailoni pia hurefuka, basi tundikeni siku 2 kabla, kisha mrudi kusawazisha.

Nafasi kati ya picha hutafutwa hivi: upana wa ukuta, toeni jumla ya upana wa picha, gawanyeni kwa idadi ya picha na moja zaidi. Ukuta wa sentimita 600 wenye picha 5 za jumla ya 350 unabakiza 250. Gawanya kwa 6, ni karibu 42. Maelezo ya picha yawekwe kulia, kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa za kutosha mzee kusoma bila kuinama.

Kuna kazi zitakazotoka Siyu, Faza na Pate, miji ya kisiwa cha Pate, na hizo huja kwa chombo, basi zifuate maji, si saa ya ofisi. Panga safari kwa maji kujaa, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, muwe makini zaidi, kwani maji yakipwa chombo hukwama na picha hubaki juani. Rangi ya akriliki hulainika kwa joto na kunata kwenye plastiki, ikibanduliwa inatoka na ngozi ya rangi. Kwanza ifunikeni kwa karatasi ya kuokea keki, halafu kadibodi, plastiki iwe ya nje kabisa. Juu ya punda picha zisimame wima, uzito sawa pande mbili. Zaidi ya mita moja, hamali wawili waibebe kwa mikono. Pimeni kichochoro chembamba kuliko vyote njiani, na mlango, kabla msanii hajaanza kuchora. Baada ya hapo ni kuchelewa.

Tukija kwa uongozi, vituo vya sanaa kama chenu huvunjika hapa kuliko penye mishipi na boliti. Tengeni kazi tatu kwa watu watatu: anayechagua picha, anayeshika pesa, anayeshika funguo. Mwenye picha yake mezani atoke chumbani inapojadiliwa, awe ni mwenyekiti au nani. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10.

Kila kazi ikiingia iandikwe daftarini mbele ya msanii: jina la kazi, vifaa, kimo halafu upana, mwaka, bei, na kila mkwaruzo ulioonekana, pamoja na picha ya simu ya mbele na nyuma. Wote wawili watie sahihi. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi useme asilimia ya kituo, kiwango cha juu cha punguzo, na siku ya kulipwa. Tuseme mmekubaliana asilimia 25. Picha ya shilingi 20,000 humpa msanii 15,000 na kituo 5,000. Mnunuzi akishusha hadi 18,000, msanii anapata 13,500 na kituo 4,500. Punguzo liwaumize wote wawili, lisimwangukie msanii peke yake. Malipo yaingie kwenye namba ya M-Pesa ya kituo, kamwe si simu ya mtu, na msanii alipwe ndani ya siku 14. Andikeni pia kwamba kuuza picha si kuuza haki ya kuichapa kwenye fulana au kadi. Sheria ya Kenya humlindia msanii haki hiyo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na wachoraji wetu wengi huipoteza kwa kutoambiwa.

Ufunguzi uwe baada ya sala ya alasiri, na hotuba zimalizike kabla ya magharibi. Tengeni saa moja ya kina mama pekee, mlangoni akae mwanamke. Siku za Maulidi mji hujaa wageni na picha huuzwa, ila vyumba na vyombo vya kukodi viwekwe mapema mno. Miezi ya masika, Aprili hadi Juni, karatasi hulegea na kupinda ndani ya fremu. Miezi hiyo onyesheni mbao, turubai na vitu vya kuchonga.

Siku ya kushusha, anzeni na zilizouzwa, kisha za wasanii wa mbali ili zisikose maji. Kila kazi ikaguliwe dhidi ya daftari na picha za simu. Lipu ikiwa imebanduka mahali, msizibe kwa saruji, kwani saruji hufungia maji ndani na chokaa ya pembeni itafuata kuanguka. Changanyeni chokaa iliyolowekwa sehemu 1 na mchanga safi usio wa baharini sehemu 3, lowesheni tundu kwa maji, jazeni tabaka lisilozidi sentimita 1, na mlifunike kwa gunia bichi siku 3 lisikauke haraka likapasuka. Msanii akichukua kazi yake atie sahihi ya pili kwenye mstari uleule aliotia ya kwanza.