CV ya kurasa mbili isigeuke tatu: kurekebisha fonti za faili za Word kwenye LibreOffice

Faili ya docx imetoka ofisini ikiwa na kurasa mbili. Ukiifungua kwenye LibreOffice (programu huru ya ofisi) ya Linux zinakuwa tatu, na ule wa tatu una neno moja tu: "Wadhamini". Ukiuliza mtandaoni, ligi inaanza. Mmoja atasema LibreOffice ni takataka, wa pili atakwambia uweke Arch (Linux ya aina nyingine), wa tatu atakuja na LaTeX yake (mfumo wa kupanga nyaraka kwa kodi) ambayo hakuna aliyeiulizia. Hakuna hata mmoja atakayeuliza swali la kwanza: faili inataka fonti gani, na kompyuta yako inayo?

Amri za hapa ni za Linux Mint, Ubuntu na Debian, na huandikwa kwenye terminali. apt ndiyo inayosakinisha vifurushi vya programu.

Hatua ya 1: Toleo

libreoffice --version

Kuanzia mwaka 2024 namba za matoleo hufuata mwaka na mwezi: 24.2, 24.8, 25.2. Ukikuta 5 au 6, sasisha kwanza. Ukikuta ni OpenOffice, iondoe kabisa. LibreOffice ilijitenga nayo mwaka 2010, na hadi leo Apache OpenOffice inafungua docx lakini haiwezi kuhifadhi docx. Kwa nini bado kuna watu wanaipendekeza, wao wanajua.

Hatua ya 2: Iulize faili

Docx ni zipu tu yenye faili za XML ndani. Orodha ya fonti imo humo:

unzip -p CV.docx word/fontTable.xml | grep -o 'w:name="[^"]*"'

Utaona majina kama Calibri, Calibri Light, Times New Roman, Symbol. Si lazima yote yawe yametumika, lakini lile linalokusumbua limo humo. Yaandike pembeni.

Ukiwa ndani ya Writer (sehemu ya LibreOffice ya kuandikia) unaweza pia kubofya kwenye aya na kutazama kisanduku cha jina la fonti juu. Jina likiwa limelala kwa italiki, fonti hiyo huna. Unachokiona kwenye skrini ni mbadala.

Hatua ya 3: Sakinisha fonti pacha

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na hupotea kwa sababu watu husakinisha kifurushi kisicho sahihi.

Word ilianza kutumia Calibri kama fonti ya kawaida tangu Office 2007. Linux haina Calibri, kwa sababu ya leseni. Isipoipata, mfumo unachukua iliyo karibu, mara nyingi DejaVu Sans au Noto Sans. DejaVu ni pana mno ukiilinganisha na Calibri. Kila mstari unabeba maneno machache, mistari inaongezeka, na "Wadhamini" wanasukumwa ukurasa wa tatu.

Dawa ni fonti pacha: fonti huru ambazo kila herufi yake imepimwa iwe na upana sawasawa na ya fonti ya Microsoft. Umbo linaweza kutofautiana kidogo, lakini mstari unakatika palepale. Carlito ni pacha wa Calibri, na Caladea ni pacha wa Cambria. Familia ya Liberation inashughulikia za zamani: Liberation Sans kwa Arial, Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Mono kwa Courier New.

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea fonts-liberation fonts-opensymbol

Hiyo ya mwisho ni ya alama za orodha. Ikikosekana, vidoti vyako vinaweza kugeuka visanduku vitupu.

Sasa mtego wenyewe. Ukitafuta msaada mtandaoni utaambiwa usakinishe ttf-mscorefonts-installer. Watu wanaisakinisha, wanafungua faili, hakuna kilichobadilika, wanaisakinisha tena. Kifurushi hicho kina Arial, Times New Roman, Verdana, Georgia, Courier New, Comic Sans na wenzao wa enzi hizo. Calibri haimo. Cambria haimo. Kama orodha yako ya hatua ya 2 ina Calibri, unaweza kukisakinisha mara kumi na usipate kitu.

Ukikihitaji kwa ajili ya Verdana au Georgia, kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, katikati ya usakinishaji hutokea skrini ya leseni ndani ya terminali, na Enter peke yake haifanyi kitu. Bonyeza Tab mpaka OK iwake, ndipo Enter. Wengi hufunga dirisha hapo, na apt inabaki imejifunga. Ikikutokea:

sudo dpkg --configure -a

Pili, kifurushi chenyewe hakijabeba fonti. Huzipakua kutoka SourceForge wakati wa kusakinisha. Bando likikatika katikati, apt inaweza kuonekana imemaliza kazi wakati folda ni tupu. Rudia ukiwa na mtandao wa kueleweka:

sudo apt install --reinstall ttf-mscorefonts-installer

Kuna na wale wa "nakili tu folda ya Fonts kutoka Windows". Kitaalamu inafanya kazi, lakini leseni ya fonti hizo inaenda na Windows, na kwa kazi ya CV na barua Carlito inatosha kabisa. Sioni sababu.

Ukishasakinisha, hakikisha kabla ya kufungua faili:

fc-cache -f
fc-match "Calibri"

Jibu liwe na neno Carlito. Likija DejaVu au Noto, pacha hajaingia. Usiendelee na hatua nyingine, utakuwa unapaka rangi ukuta unaovuja.

Angalizo kwa aliyepakua LibreOffice moja kwa moja kwenye tovuti yake badala ya apt: toleo hilo huja na Carlito na wenzake ndani ya folda yake, chini ya /opt. Kwa hiyo fc-match inaweza kukujibu DejaVu huku LibreOffice yenyewe ikitumia Carlito vizuri tu. Kipimo kisichodanganya ni kutoa PDF na kuikagua:

soffice --headless --convert-to pdf CV.docx
pdffonts CV.pdf

Amri ya pdffonts huorodhesha fonti zilizomo kwenye PDF; imo kwenye kifurushi cha poppler-utils. Funga madirisha yote ya LibreOffice kabla ya amri ya kwanza, la sivyo inaweza kukaa kimya bila kutoa PDF wala kulalamika. Kwa ujumla, LibreOffice husoma orodha ya fonti inapowaka. Kama ilikuwa wazi wakati unasakinisha, ifunge yote. Ikigoma, killall soffice.bin, lakini hifadhi kazi yako kwanza.

Hatua ya 4: Calibri Light na Aptos

Umesakinisha Carlito, mwili wa barua umekaa, ila vichwa vya habari bado vimevimba. Huyo ni Calibri Light. Word huitumia kwenye vichwa, na kwa fontconfig (mfumo wa Linux unaotafuta fonti) ni jina tofauti na Calibri, kwa hiyo pacha hatambuliki. Jaribu fc-match "Calibri Light" uone mwenyewe.

Nenda Tools, Options, LibreOffice, Fonts. Tiki Apply replacement table. Kwenye kisanduku cha Font andika Calibri Light kwa mkono, maana haitakuwepo kwenye orodha, na kwenye Replace with chagua Carlito. Kisha bofya alama ya tiki iliyo pembeni. Ukibonyeza OK bila kubofya tiki hiyo, mstari hauingii na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Kwenye mstari ulioingia weka Always. Usiweke Screen only: hiyo hubadilisha kwenye skrini peke yake, halafu karatasi inatoka na sura nyingine.

Aptos ni habari nyingine. Tangu 2023 Microsoft 365 imeifanya kuwa fonti ya kawaida badala ya Calibri, na kwenye hivi vifurushi hakuna pacha wake. Unaweza kuielekeza kwa Carlito kwa njia hiyohiyo ili isomeke vizuri, lakini Aptos ni pana kuliko Calibri, kwa hiyo mistari itakatika kwingine na kurasa zinaweza kupungua. Kama mpangilio ni wa lazima, mwombe aliyekutumia abadilishe fonti kuwa Calibri au Arial. Ni kazi ya nusu dakika kwake.

Hatua ya 5: Usiguse jina la fonti

Mtu akishaona Carlito inafanya kazi, anachagua maandishi yote na kuweka Carlito kwenye kisanduku cha fonti. Kosa. Sasa faili inasema "Carlito", na kompyuta ya steshenari yenye Windows haina Carlito. Umelihamisha tatizo lako kwa mwenzako.

Acha jina libaki Calibri. Ubadilishaji wa hatua ya 3 na ya 4 unafanyika kwako tu. Ndani ya faili jina halibadiliki, na ikirudi kwenye Word inakuta Calibri halisi.

Kwa faili unazoanzisha mwenyewe, Writer huanza na Liberation Serif, ambayo Windows nyingi hazina. Kwenye Tools, Options, LibreOffice Writer, Basic Fonts, andika Times New Roman au Calibri kwa mkono.

Hatua ya 6: Karatasi na nafasi

Mfumo ukisakinishwa kwa Kiingereza cha Marekani, nyaraka mpya zinaweza kuanza na karatasi ya Letter: sentimita 21.59 kwa 27.94. Huku tunatumia A4, 21 kwa 29.7. Badilisha Locale setting kwenye Tools, Options, Language Settings, iwe Tanzania, Kenya au Uingereza. Kwa faili iliyokwisha andikwa, pitia Format, Page Style.

Kisha bonyeza Ctrl+F10. Ukiona vidoti ishirini mfululizo kati ya jina na tarehe, mwandishi alipanga safu kwa kugonga spesi. Hapo hakuna fonti itakayokuokoa. Zifute, weka tab au jedwali lisilo na mistari. Na ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, si Enter kumi na tano.

Hatua ya 7: Mistari myekundu chini ya Kiswahili

sudo apt install hunspell-sw

Halafu Tools, Language, For All Text, chagua Kiswahili cha Tanzania. Hata ukiwa Mombasa, anza na hicho, kwa sababu kamusi inajulikana kama sw_TZ. Itapigia mstari baadhi ya vitenzi virefu visivyo na kosa lolote. Viongeze kwenye kamusi yako taratibu. Kiswahili kwenye programu hizi si kitu cha jana: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Hatua ya 8: Kuhifadhi na kuprinti

Faili inayokwenda na kurudi kati yako na mtu wa Word ibaki docx mwanzo hadi mwisho. Usiipitishe kwenye odt halafu uirudishe. Kila ugeuzaji una cha kuacha njiani. Ukiulizwa aina, chagua Word 2010–365, si doc ya zamani.

Cha kwenda steshenari kiwe PDF, kupitia File, Export As. Fonti zinaingia ndani ya faili, kwa hiyo haijalishi mashine yao ina nini. Kabla ya kuiweka kwenye flashi, pitisha pdffonts mara ya mwisho na utazame safu ya emb: kila mstari uwe na yes.