Kicheche kamaliza kuku wa mtoto, sasa unamwambiaje

Mtoto akifiwa na kuku wake usimwambie "ni kuku tu". Naanza na hapo kwa sababu ndo sentensi ya kwanza inayotutoka watu wazima wengi, afu tunafuatisha na "usijali tutanunua mwingine", mtoto anakaa kimya na sisi tunadhani yameisha. Hayajaisha. Kwako wewe yule ni mboga siku mgeni akija, kwake yeye ni kifaranga aliyemuona anatoka kwenye yai, akampa jina, akawa akirudi shule anamuita na kuku anakuja mbio anajua kuna punje za mchele mfukoni mwa kaptula. Huyo amekufa, tena amekufa kwa kuliwa, kwa hiyo mtoto ana mambo mawili kwa mpigo, ana huzuni na ana hofu kwamba kuna kitu kinaingia usiku hapa kwetu. Ukituliza moja ukaacha jingine bado hujamsaidia.

Sisi tunaofugia pembeni ya mji wa Dar es Salaam, huku Chanika, Mkuranga, Kibaha na kwingine kama huko, kuku wa kienyeji wanashinda nje wanajitafutia na jioni ndo wanaingia bandani, kwa hiyo hili litatokea tu siku moja. Mchana kuna mwewe na kunguru wanaonyakua vifaranga, kenge anafata mayai, nguchiro anavizia kwenye majani, usiku ni zamu ya kicheche, kanu na paka shume, saa nyingine chatu, na kuna siafu ambao wakiingia bandani wanaweza kummaliza kuku anayeatamia pale pale kwenye mayai maana hataki kuyaacha. Ni vizuri ujue mapema utasema nini.

Asubuhi ukifungua banda ukakuta manyoya yametapakaa, cha kwanza angalia wewe kabla ya mtoto. Kicheche akiingia na kuku hawana pa kukimbilia anaweza kuua kadhaa na kula mmoja tu, wengine unawakuta wameng'atwa shingo, na hiyo picha mtoto mdogo hana haja ya kuiona ikiwa hivyo. Ondoa waliochanika vibaya, funika na gunia, mwaga mchanga palipo na damu. Ila usizike kimya kimya ukaja kusema kuku wametoroka, maana watoto wa jirani wataona manyoya, dada wa kazi ataongea, na siku akijua ulimdanganya atakosa imani na wewe kwenye mambo makubwa zaidi ya kuku.

Mwambie ukweli, kwa maneno machache, ukiwa umekaa chini usawa wake. Mfano, kama kuku aliitwa Chausiku na unaongea na binti yako: "Mama, njoo ukae hapa. Chausiku amekufa. Usiku mnyama aliingia bandani akamuua. Hatarudi tena. Na mimi nimeumia." Afu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maelezo, muache alie au aulize. Usiseme amelala, mtoto wa miaka minne akisikia kuku alilala akafa usiku huo na yeye ataogopa kulala, na usiseme amesafiri kwa sababu atamsubiri. Na kama ni mtoto wa kiume tafadhali yale maneno ya mwanaume halii yaache kabisa, kakaake akimcheka mwite pembeni umwambie leo si siku ya utani.

Jinsi anavyopokea itategemea umri. Wa miaka mitatu mpaka mitano hivi haelewi kwamba kufa ni moja kwa moja, umemwambia asubuhi na jioni anauliza Chausiku anarudi saa ngapi, mjibu vile vile bila kuchoka wala kukasirika. Akifika miaka sita saba anaanza kuelewa kwamba harudi, na hapo maswali yanakuwa magumu, aliumia? alituita? mbona hatukusikia? Jibu unachokijua. Kama uliona kuku aling'atwa shingo unaweza kusema ilikuwa haraka, kama hujui sema hujui. Akiuliza kuku akifa anaenda wapi, jibu kwa imani ya nyumbani kwenu, ila baba na mama na bibi mkubaliane kwanza ili asipate majibu matatu tofauti kabla ya chakula cha mchana. Wakubwa wa miaka kumi na kuendelea wanaweza wasilie kabisa mbele yako, unaona tu mtu kagoma kula au kawa mkali kwa wadogo zake, na huyo naye ana huzuni.

Sasa kuna jambo moja ambalo kwangu ndo zito kuliko yote, ni ile lawama anayojipa mtoto. Nimeiona kwa mtoto wa dada yangu. Kuku wake mweusi alipouliwa hakulia siku ya kwanza, alikuwa anaokota manyoya tu anayapanga kwa ukubwa ndani ya daftari la hesabu, makubwa ya mkia ukurasa mmoja, yale laini ya kifuani ukurasa mwingine, tukasema huyu kavumilia vizuri. Usiku bibi yake akimfunika shuka ndo akauliza, "Bibi, kama ningeenda kuangalia komeo kwa mara ya pili, angekuwepo?" Yani mtoto alikuwa kabeba hilo swali kutwa nzima peke yake. Bibi hakukimbilia kusema "hapana hapana usiwaze", alimuuliza kwanza ilikuwaje jioni ile, akamsikiliza mpaka mwisho, ndo akamwambia, mjukuu wangu, aliyeua ni kicheche, na banda ni la kwetu wakubwa, sisi ndo tunapaswa kuhakikisha limefungwa.

Fuateni hivyo. Hata kama ni kweli mtoto ndo alisahau kufunga, usimwambie "si ungefunga mlango" siku hiyo wala wiki ijayo. Anajua. Na kama alisahau usimdanganye kwamba alifunga, atajua unamdanganya. Mwambie mlango ulibaki wazi, ndiyo, na kusahau kunamtokea kila mtu, na kulinda kuku usiku si mzigo wa mtoto wa miaka nane. Muulize wewe mwenyewe, usisubiri aseme, kwa sababu wengi hawasemi: "Kuna kitu unawaza kuhusu usiku ule?"

Kuhusu kuzika, mruhusu kama anataka, na kama hataki usimlazimishe. Shimo liwe na kina, nusu mita hivi au zaidi, la sivyo mbwa watafukua na utakuwa umemfiwisha mtoto mara mbili. Mtu mzima ndo ashike kuku, kwa glavu au mfuko, mtoto aweke majani au maua au jiwe juu, aseme anachotaka kusema, afu wote mnawe mikono kwa sabuni. Isitokee kwamba kuku aliyeuliwa na mnyama anaingia sufuriani, ni kibudu, hafai kwa afya na kwa wenye dini hafai pia, na mtoto akija kuona mchuzi siku ile ile hatasahau. Ila kama kuku wamekufa wengi na hawana jeraha lolote, walikuwa wanazubaa, wanaharisha kijani au shingo zimepinda, hapo si kicheche, huenda ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri, mtoto asiwaguse na umuite mtaalamu wa mifugo.

Na kitu kingine cha kiafya nisisahau. Kama mtoto, au mbwa wenu, aling'atwa au kukwaruzwa na nguchiro, kicheche au paka asiyejulikana, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na mtoto aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa, mbwa mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usingoje kidonda kivimbe.

Baada ya hapo mpe kazi. Huzuni ya mtoto inapata pa kushika akiwa na kitu cha kufanya, na bandani siku hiyo kazi zipo nyingi. Kama mama kuku ameuliwa akaacha vifaranga, watieni kwenye boksi lenye pumba au maranda, weka balbu ya kutoa joto au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 mpaka 35. Mfundishe kuwasoma, wakijibana pamoja wanalia wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi wamezidiwa joto. Kama kuna kuku aliyejeruhiwa ila bado yu hai, mtenge na wenzie maana wakiona damu watamdonoa, safisha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mtoto awe anampelekea maji. Ukiona hawezi kupona na mmeamua kumchinja, mwambie mtoto kabla, asikute tu hayupo.

Afu mkague banda pamoja, hapa ndo unapoishughulikia hofu. Mtoto anayeogopa anataka kujua mnyama aliingilia wapi na kama anaweza kuingia tena, kwa hiyo mzunguke nae mkiangalia nyayo, tundu, ubao uliolegea. Tundu ambalo ngumi yako inapita, kicheche anapita. Wavu mwembamba wa kuku unamzuia kuku kutoka, adui anaurarua, tumieni wavu mgumu wa matundu madogo, na chini muuzamishe ardhini sentimita 30 hivi au mpange mawe maana wengine wanafukua. Mlango uwe na komeo. Kwa mwewe, vifaranga wakae chini ya tenga wiki za mwanzo, au mtandike wavu wa zamani wa kuvulia samaki juu ya uwanja wao, na wengi wanapaka vifaranga rangi ya zambarau kumchanganya mwewe, hiyo kazi watoto wanaipenda sana, hakikisha tu ni rangi isiyo na sumu. Jioni mgawane, kufunga afunge mtu mzima, kuhesabu ahesabu mtoto. Akilala anajua wamo wote.

Atataka kulipiza, na nyie pia mtataka. Usitege sumu kwenye nyama. Mbwa wa jirani anaila, paka anaila, mwewe anakufa, na mtoto mdogo anaweza kuokota. Mtoto mkubwa kidogo, siku zikishapita, unaweza kumweleza kwamba nguchiro anakula panya na nyoka hapa hapa kwetu na kicheche naye ana watoto wanaosubiri chakula, ila usimpe hiyo hotuba siku ya msiba, itakuwa kama unamtetea muuaji.

Siku chache za kukosa usingizi, kuota vibaya, hata kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha, ni kawaida. Akicheza mchezo wa kicheche anakamata kuku usimkataze, ndivyo anavyoielewa habari. Ila zikipita wiki kadhaa bado hali chakula vizuri, anagoma shule, hataki kutoka nje au anaendelea kusema ni kosa lake, ongea na mwalimu wake na umpeleke hospitali aonane na mtu wa ushauri. Chunguza pia kama kuna msiba wa mtu uliopita hapo nyumbani, saa nyingine mtoto anamlilia kuku na babu yake kwa pamoja.

Kuku wapya msilete kesho yake. Msubirini aulize mwenyewe, banda liwe limeshatengenezwa, na muende wote kuchagua. Kuku mpya asipewe jina la yule wa zamani kama mtoto hataki. Na kabla hamjawaleta kubalianeni yupi ni wa mtoto na hachinjwi hata aje mgeni gani, mwambieni na bibi, mwambieni na mjomba anayekuja sikukuu.