Ukiletewa sanamu ya marumaru ya Warumi wa kale ununue, ikague hivi kabla hujatoa hata shilingi

Mwaka jana shemeji yangu alitumiwa picha kwenye simu, kichwa cha mwanaume cha jiwe jeupe, pua imekatika, akaambiwa ni cha Warumi wa kale na kwamba Mjerumani alikifukia hapa Mwanza kabla Waingereza hawajauchukua mji 1916. Hizi stori za mali za Mjerumani mnazijua, kila mkoa zipo. Bei milioni kumi na nane, na atoe milioni mbili haraka maana kuna mteja mwingine anatoka Dar. Akatoa, ndo akanipigia, "shem njoo uniangalizie hili jiwe", kwa sababu mimi ni fundi wa mawe, nachonga na kung'arisha mawe ya makaburi huku Nyakato mwaka wa kumi na nne sasa. Nilivyoligeuza chini tu nikajua. Ilikuwa saruji nyeupe imechanganywa na unga wa marumaru ikamwagwa kwenye moldi. Milioni mbili haikurudi mpaka leo, na ilikuwa ada ya watoto.

Tangu hapo nimesoma sana haya mambo, naandika ili asipigwe mwingine.

Kabla ya yote usitume hela ya kushikilia mzigo. Mwenye kitu halali anakusubiri uje uangalie mchana, juani, ukigeuze upande wote. Anayekuonyesha usiku chumbani kwa tochi ya simu, we ondoka.

Halafu tuelewane kwenye neno lenyewe, huku kwetu marumaru tunaita mpaka vigae vya sakafuni ambavyo ni udongo wa kuchomwa. Marumaru ya sanamu ni jiwe la asili, ni mawe ya chokaa yaliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi mpaka yakawa chembechembe zinazometa kama sukari. Warumi walikuwa wanalichimba Carrara kule Italia, lingine wanalileta toka Ugiriki na Uturuki. Sio jiwe letu la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, hilo ni granaiti, kisu hakilichori. Marumaru kisu kinachora. Ila chora chini kwenye kitako sehemu isiyoonekana, usije ukaharibu kitu ambacho kweli ni cha thamani, na tena sio mali yako bado.

Uzito nao unasema mengi. Marumaru mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,700, maji ni kilo 1,000, na mwili wa mtu unakaribiana na maji. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 ukimgeuza jiwe la marumaru anafika karibu kilo 190, hapo hujaweka nguo wala kitako. Mtu akikwambia sanamu ya ukubwa wa mtu mzima wameivusha kwa kivuko cha Kamanga halafu vijana wawili wakaibeba begani mpaka nyumbani, hiyo ni plastiki au ina uwazi ndani.

Ndimu watu wanaipenda sana, kwamba ukidondoshea inatoa povu basi ni marumaru. Ni kweli marumaru inatoa povu, kwangua unga kidogo kitakoni udondoshee huo unga, ila saruji nayo inatoa, hasa ikiwa na unga wa marumaru kama ile ya shemeji. Ndimu inakuondolea granaiti tu. Na usiidondoshee kwenye uso wa sanamu, inakula jiwe.

Cha kuangalia zaidi ni lenzi, hata ile ya fundi saa inatosha. Tafuta vitundu vidogo vya hewa na mstari mwembamba unaopita pembeni kama wa chupa ya plastiki, hiyo imemwagwa kwenye moldi. Angalia palipovunjika, marumaru ndani inametameta, saruji ndani imefifia na utaona mchanga. Na ukiona mistari ya nusu duara sambamba, hiyo ni grenda, mimi naiacha kila siku kwenye mawe yangu naijua vizuri. Warumi walitumia patasi, patasi ya meno, na keekee inayozungushwa kwa kamba, hasa kwenye nywele za mviringo utaona vishimo vya duara vimefuatana.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea, jiwe kuwa marumaru ya kweli hakuifanyi kuwa ya kale. Mimi mwenyewe naweza kuchonga kichwa cha marumaru mwezi ujao. Uzee unautafuta juu ya ngozi ya jiwe. Kitu kilichokaa ardhini miaka 1,800 kinakuwa na ukoko mgumu wa chokaa na alama za mizizi zimetambaa kama nyuzi, na ukoko unaingia mpaka palipovunjika, kwa sababu pua ilikatika zamani na ikazikwa hivyohivyo. Kile kichwa cha shemeji uso mzima ulikuwa na udongo mwekundu ila pua ndani nyeupe pee. Futa kona moja na pamba yenye maji, udongo wa kupakwa unatoka wote. Chukua pia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, ingia nayo gizani, ngozi ya zamani mara nyingi inaonyesha manjano yenye madoa madoa na iliyokatwa juzi inaonyesha zambarau. Ni dalili tu hiyo, matapeli wengine wanalipikia jiwe asidi.

Macho pia. Warumi wa mwanzo waliacha jicho laini wakalipaka rangi (sanamu zao zilikuwa na rangi, huu weupe ni rangi imetoka), kuchonga mboni kukaenea kuanzia enzi za Hadrian, kaisari wao aliyetawala mwaka 117 mpaka 138 baada ya Kristo. Ukiambiwa ni kichwa cha Augustus, kaisari wao wa kwanza, kimechongwa akiwa hai, yule alikufa mwaka 14 baada ya Kristo, halafu mboni zimetobolewa, uliza.

Haya, tuseme jiwe limefaulu yote. Hapo ndo ugumu unaanza, maana sasa swali ni limetokaje kwao. Italia ina sheria toka 1909 inayobana vitu vya kale vinavyochimbuliwa kule na kutolewa nje, na kuna mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara ya vitu vilivyoibwa au kutoroshwa, Tanzania imeuridhia 1977. Kwa hiyo dai karatasi zinazoonyesha kilikuwa wapi kabla ya 1970, nani alimuuzia nani, na kibali cha kutoka nchi ya asili. Karatasi nazo zisome kwa makini. Makumbusho ya Getty kule Marekani walinunua sanamu ya Kigiriki 1985 kwa mamilioni ya dola, baadaye ikaonekana barua yake ya 1952 ina namba ya posta iliyoanza kutumika 1972. Wale wana wataalamu wa kila aina, sembuse mimi na wewe.

Na hata ukiwa umeshailipia inaweza kuondoka. Makumbusho ya Boston, Marekani, walikuwa na nusu ya juu ya sanamu inayoitwa Herakles aliyechoka (Herakles ni shujaa wa hadithi za Wagiriki), ya marumaru ya Kirumi, nusu ya chini ikachimbuliwa Perge huko Uturuki. Mwaka 1992 wakaunganisha nakala za plasta zikaingiana, 2011 ile nusu ya juu ikarudishwa Uturuki. Kuna mama mmoja Texas alinunua kichwa cha Kirumi dukani kwa mitumba dola 34.99 mwaka 2018, kikajulikana ni cha jumba moja la Ujerumani, kikarudi 2023. Yeye alifanya vizuri mno, aliuliza wataalamu badala ya kuficha.

Hivyo ukiletewa, piga picha mbele, nyuma, pembeni na chini, weka rula ionekane. Shusha programu ya Interpol inaitwa ID-Art, ni bure, unaweka picha inakutafutia kwenye orodha yao ya vitu vilivyoibwa. Kutoonekana humo sio kibali, maana kilichochimbwa kwa siri hakuna aliyekiripoti. Halafu mwambie muuzaji kwamba unapeleka picha kwa watu wa Malikale, idara ya serikali ya vitu vya kale, au Makumbusho ya Taifa kabla hujalipa, mwambie usoni kabisa, na uone anajibu nini. Yule wa shemeji nilipomwambia hivyo alisema anaenda kununua vocha, simu haikupatikana tena.