Jinsi ya kumchunguza mgombea wa mchujo wa Kongresi kabla hujampa kura (mfano: Maine, wilaya ya pili)

Ikifika mwezi wa 4 na wa 5 mwaka wa uchaguzi, masanduku ya barua huku Maine yanajaa vikaratasi vya wagombea na picha ni ileile tu, jamaa kavaa shati la drafti, nyuma yake pikapu au boti ya kuvulia kambakoche, mke, watoto, mbwa. Chini wameandika "mtu wa hapahapa, anapigania familia za wafanyakazi". Hapo hujaambiwa kitu bado.

Naandika hasa kwa watu wetu walioko Lewiston, Auburn, Bangor mpaka kule Aroostook kwenye viazi, maana wote hao wako wilaya ya pili ya Kongresi, ambayo inachukua sehemu kubwa kabisa ya ardhi ya jimbo zima (Portland na jirani zake ni wilaya ya kwanza). Ila njia yenyewe ukiwa Iowa au Dakota Kusini inafanya kazi vilevile.

Kabla hatujaenda mbali, kama hujawa raia usijiandikishe kupiga kura, hata kama una green card, hata kama mtu wa ofisi ya leseni kakusukumia fomu. Inaweza kukuharibia kesi ya uraia au hata kukufukuzisha nchi. Mwenye green card anaruhusiwa kumuuliza mgombea maswali, kujitolea kwenye kampeni, hata kuchangia hela, kura tu ndo hapana.

Haya, anza na kiti chenyewe. Mbunge wa Kongresi anakaa miaka 2 na anatunga sheria za nchi nzima: uhamiaji, SNAP (msaada wa chakula), Medicare (bima ya afya ya wazee), msaada wa serikali kuu wa kupashia nyumba joto, kanuni za uvuvi kwenye maji ya serikali kuu. Bajeti ya shule ya Lewiston si yake. Ile General Assistance inayolipia watu kodi ya nyumba wakifika pia si yake, hiyo ni ya jimbo na miji. Sasa mgombea akisimama akasema akifika Washington atafuta General Assistance, au ataiongeza, ama hajui kazi anayoomba au anajua ila anakupima wewe kama unajua. Mi hapo huwa napiga alama nyekundu mapema sana.

Historia ya mtu sasa. Katiba inataka vitu vitatu tu, awe na miaka 25, awe raia kwa miaka 7, na awe mkazi wa jimbo, hata haimlazimishi kuishi kwenye wilaya anayogombea. Kwa hiyo ya "mzaliwa wa hapa" ni biashara ya kampeni, we angalia alichofanya. Chukua mchujo wa Wademokrat wa 2018 wilaya hiihii. Jared Golden alikuwa amepigana Iraq na Afghanistan kama askari wa Marine, akasoma Bates pale Lewiston, akafanya kazi ofisi ya seneta Susan Collins ambaye ni Mrepublikan, halafu akaingia bunge la jimbo akawa kwenye uongozi wa chama chake. Mwenzake Lucas St. Clair yeye alijulikana kwa kusukuma hifadhi ya msitu ya Katahdin Woods and Waters, iliyotangazwa na Obama 2016 kwenye ardhi ya familia yake. Kwa mtu wa mbali hifadhi ni kitu kizuri tu, nani atakataa miti, lakini kule Millinocket ambako kiwanda cha karatasi kilikufa, swali la nani anamiliki msitu, nani ataruhusiwa kuwinda na kupita na snowmobile (pikipiki ya theluji), lilikuwa linagawanya hadi meza za chakula. Yaani historia ya yule bwana tayari ilikuwa ni msimamo, hata kabla hajafungua mdomo. Soma wagombea wako hivyo: kila kazi aliyofanya, jiulize ilimweka upande wa nani.

Misimamo ndo penye kazi. Usiishie kwenye tovuti yake, pale kila mtu anapenda wakulima na maveterani. Kama aliwahi kuwa bunge la jimbo, kura zake ziko kwenye tovuti ya bunge la Maine, na kama tayari yuko Kongresi nenda clerk.house.gov au congress.gov, ni bure, unaona jina na ndiyo au hapana. Golden tena: kwenye kampeni ya 2018 alisema hatampa Nancy Pelosi, kiongozi wa chama chake mwenyewe, kura ya uspika, Januari 2019 kweli hakumpa. Novemba 2021 alikuwa Mdemokrat pekee wa Baraza la Wawakilishi aliyeikataa Build Back Better, mswada mkubwa wa matumizi wa Rais Biden, halafu 2022 akaipigia ndiyo Inflation Reduction Act, mswada mdogo zaidi uliokuja baadaye. Ukisoma kura moja tu ungemwita msaliti au shujaa, ukisoma zote mbili unaanza kuona mtu anahesabuje.

Halafu kuna kubadilika. Golden alikuwa anapinga kupiga marufuku bunduki za kivita. Oktoba 25, 2023 watu 18 wakauawa Lewiston, kesho yake akasimama mbele ya waandishi palepale mjini akasema alikosea, sasa anataka zipigwe marufuku, akaomba msamaha. Kuna waliomheshimu, kuna waliosema kachelewa, na kuna wawindaji ambao hawakumsamehe kabisa. Kwa mchunguzi kazi ni kuandika tarehe kando ya kila msimamo, maana mgombea anaweza kunukuu maneno yake ya 2022 kwenye chumba kimoja na ya mwaka jana kwenye chumba kingine.

Hela: ingia fec.gov, tovuti ya tume ya uchaguzi ya serikali kuu, andika jina lake. Akishapokea au kutumia zaidi ya dola 5,000 lazima ajisajili. Anayechangia zaidi ya dola 200 anaorodheshwa kwa jina, mji na mwajiri. Angalia wangapi wanaishi Maine na wangapi ni New York na California, angalia kiasi kinachotoka kwa PAC (kamati za kukusanya hela za siasa). Kuna ripoti inayotakiwa siku 12 kabla ya mchujo, hiyo usiikose. Matangazo ya super PAC (kamati za nje zinazotumia hela bila kikomo) hayamo kwenye hesabu ya mgombea mwenyewe, kwa hiyo kwenye TV soma yale maandishi madogo ya nani kalipia.

Uzuri wa jimbo la mashambani ni kwamba mgombea unamkamata kwa mkono. Yuko kwenye chakula cha maharage cha Jumamosi jioni kanisani, yuko kwenye mikutano ya miji. Usimuulize "unaonaje wahamiaji", atakwambia sisi sote ni watoto wa wahamiaji na atakupa mkono. Muulize hivi: anayeomba hifadhi ya ukimbizi anasubiri angalau siku 180 ndo apate kibali cha kazi, Collins na Chellie Pingree, Mrepublikan na Mdemokrat, kila mmoja ameleta mswada wa kushusha ziwe 30, wewe ungepiga kura gani? Nyamaza, msubiri. Akianza kuzungumzia mpaka wa Mexico, rudia swali kwa upole.

Siku yenyewe ni Jumanne ya pili ya mwezi wa 6. Tangu 2024 asiye na chama anaruhusiwa kuingia mchujo wa chama kimoja anachochagua, ila ukiwa umejiandikisha kwenye chama unabaki hukohuko, na kubadili chama kuna muda wake wa mwisho, uliza ofisi ya mji mapema. Kama hujajiandikisha kabisa unaweza kujiandikisha siku hiyohiyo, beba kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi.

Kwenye karatasi unapanga wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata. Novemba 2018, kwenye uchaguzi mkuu wenyewe, Mrepublikan Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza na Golden akampita machaguo ya pili na ya tatu yalipohesabiwa, kwa hiyo chaguo lako la pili mchunguze kama wa kwanza.

Kiingereza kikikusumbua, sheria inakuruhusu kuingia na mtu wako wa kukusomea, mwanao, jirani, yeyote, mradi asiwe bosi wako au wakala wake, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Vituo vinafungwa saa 2 usiku, ukiwa kwenye foleni muda huo usiondoke, utapiga.