Kujua umbali wa ndege kwa nyuzi za ramani

Nimelijua hili nikimpangia mama safari ya kutoka hapa Tanga kwenda Dar, nikaona nisikae nalo. Fungua ramani ya simu, bonyeza na ushikilie mji mmoja kisha wa pili, usome nyuzi za latitudo (namba ya kaskazini-kusini). Toa ndogo kwenye kubwa, zidisha kwa 111. Tanga iko karibu 5.1 kusini, Dar karibu 6.8, tofauti ni 1.7, basi ni kama kilomita 190 angani. Kwa basi, kupitia Segera na Chalinze, ni karibu 350! Siri ni kwamba mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, ukigawa kwa nyuzi 360 unapata 111.

Muda: ndege ndogo za pangaboi weka kilomita 300 kwa saa, jeti 800, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Tanga–Dar inakuja kama saa moja na dakika chache, kama ndege haipitii Unguja. Ikipitia, hesabu kila kipande peke yake.

Njia hii ni ya miji iliyopangana kaskazini na kusini. Tanga na Pemba zimekaa magharibi na mashariki, hapo tumia longitudo (namba ya mashariki-magharibi). Kwetu karibu na ikweta 111 inafaa bado. Ulaya usithubutu: usawa wa London nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 69 tu. Miji iliyokaa mshazari, kama Dar na Mwanza, itakudanganya pia.