Kubadilisha mpira wa diaframu kwenye kabureta ya pikipiki

Pikipiki inawaka vizuri, sailensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) inatulia, lakini ukivuta mafuta inagoma kupanda mbio? Kwa kabureta ya slaidi inayonyanyuliwa na mvuto wa hewa, shuku diaframu kwanza, yaani mpira mwembamba unaoinua slaidi.

Funga koki ya mafuta, ondoa kabureta, kisha fungua skrubu za kifuniko cha juu kwa bisibisi inayokaa sawasawa; vichwa vyake ni laini na huliwa upesi. Kandamiza kifuniko kwa kidole gumba, kwa sababu springi iliyo chini yake huruka.

Toa slaidi taratibu, usipinde sindano. Nyoosha mpira kidogo mbele ya taa: tundu dogo kama ncha ya pini linatosha kuharibu kazi. Kumbuka mpangilio wa klipu na washa za sindano kabla ya kuzihamishia kwenye slaidi yenye mpira mpya.

Dawa ya kusafishia kabureta isiguse mpira mpya. Huuvimbisha, na ukivimba haukai kwenye mfereji wake.

Hapa ndipo wengi hukosea: kibonyeo cha ukingoni lazima kilingane na tundu la hewa, na ukingo wote uzame mferejini. Nyanyua slaidi kidogo kwa kidole ili mpira usivutwe, rudisha springi na kifuniko, kaza skrubu kwa kupishana.

Jaribu: nyanyua slaidi, ziba njia ya hewa ya diaframu, achia. Ikishuka ghafla, mpira umebanwa vibaya, fungua upya.